Siku Mbeyu Alipokata Kona

Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Mishomoroni imeamka chini ya wingu jepesi, lile la kipupwe lisiloamua kama litanyesha au litapita. Khanga zimeanikwa na hazikauki. Duka langu la kuchapisha kule Kiembeni bado nimelifunga, na mwenye barua yake ya kupigisha chapa leo itabidi asubiri. Naandika kwa simu, nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, na mwili wangu uko kama wa mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi mzuri akaambiwa asimulie alichokiona.

Sijui kama hii ni furaha. Ngoja niandike, labda nitaijua nikiiona.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: nina mtoto mmoja, Mbeyu, wa miaka sita na nusu. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo kiasi cha kulala kwenye mkono mmoja wa baba yake. Umri wa kukaa ulipofika hakukaa, na umri wa kutambaa ulipofika alijivuta kwa viwiko. Daktari alituambia ni mtindio wa ubongo. Akili yake haina kasoro, hunishinda kwa maneno mara tatu kwa siku. Ni miguu ndiyo inayoletewa habari kombokombo. Misuli ya nyuma imekaza kama kamba iliyoloa, visigino haviteremki chini, na ukimsimamisha magoti yake yanapishana kama mkasi.

Mama yangu kule Kaloleni alimchimbia shimo uani, akamsimamisha ndani yake na kumfukia hadi kiunoni kwa mchanga wenye joto, kama alivyofundishwa na mama yake. Mbeyu alikuwa na miaka miwili. Alisimama mle shimoni akicheka, akiona ulimwengu kwa urefu ambao hakuwahi kuuona. Tulipomtoa, alilia. Mimi pia nililia, lakini nilienda kulilia nyuma ya nyumba.

Tangu hapo kila Alhamisi tunakwenda kwa Bi Rukia.

Bi Rukia ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo cha afya upande huu wetu wa Kisauni. Kwao ni Mji wa Kale, na huongea polepole, kana kwamba kila neno analipoza kwanza kabla ya kukupa. Ana mikono mikubwa inayonukia mafuta ya nazi. Huanza kwa kunyoosha misuli ya miguu, kidogokidogo, huku akimuuliza Mbeyu habari za paka wake. Kisha anamfanyisha kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, kutoka kwenye kibao kifupi, mara nyingi mpaka mtoto anatoka jasho la puani. Kisha viatu vya plastiki vya kushika vifundo. Kisha vile vyuma viwili vilivyosimama sambamba, Mbeyu akivishika huku na huku na kupiga hatua, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

Chumba chenyewe nakipenda. Kina magodoro ya buluu yaliyopasuka pembeni, na ngazi ya mbao yenye vidato vitatu isiyokwenda popote. Unapanda vitatu, unashuka vitatu. Mwanga unaingia kupitia matofali yenye matundu na kulala sakafuni kama sarafu. Nimekaa kwenye benchi la chumba kile miaka minne sasa. Nadhani nimelala usingizi mwingi zaidi pale kuliko kitandani kwangu.

Na kwenye benchi lile ndipo nilipofanya jambo ninalotaka kulikiri leo.

Mwaka jana, kabla ya mvua za masika, Bi Rukia aliniambia Mbeyu yuko tayari kwa woka. Akanieleza. Si ile ya wazee, inayosukumwa mbele. Hii ni fremu nyepesi ya chuma inayokaa nyuma ya mtoto, yeye akiwa katikati ameshika mikono miwili pembeni, akiivuta anapokwenda. Inamfanya asimame wima badala ya kuinama. Na magurudumu yake ya nyuma hayarudi nyuma, kwa hiyo akiegemea, inamshika.

"Atembee na hii mpaka lini?" nikamuuliza.

"Huenda kwa muda. Huenda siku zote," akasema. "Hilo mimi sikuahidi, wala asikuahidi mtu."

Siku zote. Nilisikia maneno hayo mawili tu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima mwanzoni mwa mwaka ule nikatoa ushuhuda kwamba mwanangu atatembea. Nilikuwa nimeomba miguu. Sikuomba chuma. Kwangu mimi, kuipokea fremu ile ilikuwa ni kumwambia Mungu basi, nimeshachoka, nipe chochote.

Nikamwambia Bi Rukia kwamba baba yake hataki.

Nikaja nyumbani nikamwambia baba yake kwamba hazipatikani.

Nimeziandika sentensi hizo mbili kila moja peke yake ili nizione vizuri.

Baba Mbeyu ni mtu wa maneno machache. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro Changamwe, anatoka alfajiri, anarudi jua likizama na vumbi la sponji kwenye nyusi. Kila baada ya miezi miwili mitatu aliniuliza, "Zimefika?" Nami nikasema bado. Siku moja alikuja na kipande cha katoni ambacho fundi wa kuchomelea wa pale kiwandani alikuwa amekichorea fremu, magurudumu na vipimo. Alikuwa amekizungushia nailoni kisilowe. Nikamwambia ya kuchomelea itakuwa nzito, itamwangusha mtoto. Akakitazama, akakiweka juu ya kabati. Hakukitaja tena.

Na mimi nikaendelea kumbeba. Mbeyu sasa ni mzito, miguu yake inaning'inia hadi magotini kwangu. Mwezi uliopita, nikimshusha kwenye tuktuk, mgongo ulinikatika kwa namna ambayo nilibaki nimeinama kama mtu anayetafuta kitu chini, na dereva ndiye aliyetushusha wote wawili.

Kuna ndoto ambayo nimekuwa nikiiota. Mbeyu anakimbia. Anakimbia kwenye uwanja mpana wenye nyasi fupi, gauni lake likijaa upepo, visigino vikigonga ardhi, na mimi niko nyuma yake, namfuata bila kuchoka. Ni ndoto tamu mno. Lakini katika mara zote nilizoiota, mtoto yule hajawahi kugeuka. Sijawahi kumwona uso. Nikiamka nilikuwa namtazama Mbeyu aliyelala pembeni yangu, vidole vya miguu vimechongoka hata usingizini, na kwa muda mfupi, mfupi sana, nilikuwa namtafuta yule mwingine.

Hilo nalo nimeliandika. Basi.

Sasa jana.

Tulifika mapema. Manyunyu yalikuwa yamepita, na sakafu ya ujia wa kituo ilikuwa imepigwa deki, inang'aa, dari ikionekana ndani yake. Mama Achieng' alikuwa ametutangulia. Yeye na mumewe dereva wa lori walihamia huku kutoka bara, na binti yake Achieng' tumekutana naye kila Alhamisi tangu watoto wakiwa wa kubebwa mgongoni. Achieng' amerefuka, sasa anatumia fimbo mbili za kuegemea kwenye viwiko. Mama yake alikuwa amekuja kurudisha woka yao.

"Imemkuwa ndogo," akamwambia Bi Rukia. "Nimeifuta, nikatia mafuta kwa tairi. Mpatieni mtoi mwingine."

Akaiweka ukutani, karibu na ile ngazi isiyokwenda popote. Rangi yake ilikuwa nyekundu zamani. Kwenye mikono Achieng' alikuwa ameizungushia utepe wa manjano.

Mimi nikakaa kwenye benchi langu. Juzi sikulala vizuri kwa sababu ya mgongo, na chumba kilikuwa na ubaridi ule mzuri, na sauti ya Bi Rukia ilikuwa inahesabu, moja, mbili, tatu, pumzika. Macho yakawa mazito. Nilisikia kila kitu, lakini kutoka mbali, kama mtu aliye chini ya maji anavyosikia watu wa juu.

Nikasikia Mbeyu akisema, "Nataka kile."

"Kipi, mwanangu?"

"Kile chekundu."

Nikafungua macho. Bi Rukia alikuwa amepiga magoti sakafuni, na hakuwa anaitazama woka. Alikuwa ananitazama mimi. Mama Achieng' naye alikuwa ananitazama. Hakuna aliyenisukuma.

"Mama Mbeyu," Bi Rukia akasema taratibu, "wewe wataka atembee, au wataka afike atakako?"

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri, kwamba moyo ulifunguka, kwamba nilisikia sauti. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimechoka. Neno hapana lilikuwa mbali sana na sikuwa na nguvu za kulifuata. Nikaitikia kwa kichwa.

Sikukubali kwa busara. Nilikubali kwa usingizi.

Bi Rukia akaishusha mikono ya fremu tundu mbili, akamsimamisha Mbeyu katikati, akamwonyesha. "Usiinamie mbele. Yenyewe ikufuate." Mbeyu akashika ule utepe wa manjano. Akapiga hatua moja. Fremu ikamfuata. Akageuza kichwa kuitazama, kama mtu anayeangalia kama mbuzi wake bado yuko nyuma. Akapiga nyingine. Magoti yalikuwa bado yanakwaruzana, kidole cha mguu wa kushoto kilikuwa bado kinaburuta. Sikuwa nimewahi kuona mwendo mbaya kiasi kile wala mzuri kiasi kile.

Alifika kwenye vyuma sambamba. Akavipita.

Alifika mlangoni. Nikadhani atageuka. Bi Rukia naye nadhani alidhani hivyo, maana alikuwa ameshanyoosha mikono ya kumpokea. Mbeyu akazungusha fremu kidogo, ikagonga mwimo, akairudia, ikapita. Akatoka ujiani.

Nikasimama. Nilimwona akienda juu ya ile sakafu iliyolowa, na yule Mbeyu mwingine wa chini, aliyepinduka ndani ya mng'aro, akienda naye, wayo kwa wayo. Mwanga ulikuwa unatoka mwisho wa ujia na kumfanya mweusi na mwembamba. Magurudumu yalikuwa yanalia kidogo sana. Watu waliokaa kwenye foleni ya kliniki wakavuta miguu yao ndani kumpisha, kama wanavyompisha mtu yeyote.

Halafu akakata kona.

Akapotea.

Sijui kama nitaweza kueleza hili kwa mtu ambaye mtoto wake alianza kutembea akiwa na mwaka. Katika miaka sita na nusu, Mbeyu hajawahi kuwa mahali ambapo hakuwekwa na mtu. Kila alipokuwa, kuna aliyemleta. Nami sijawahi hata siku moja kujiuliza, "Mbeyu yuko wapi?" Nilikuwa najua daima. Alikuwa pale nilipomwacha.

Nikataka kukimbia. Bi Rukia akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu. "Mwache," akasema. "Fundi wa maji yuko kule, na wauguzi pia. Hayuko peke yake. Ila yeye hajui, na usimwambie."

Nikangoja. Nikahesabu mpaka sikuweza tena kuhesabu. Kisha nikaita, "Mbeyu!"

Hakuna.

Nikaita tena, na sauti yangu ikaenda ujia wote ikarudi.

"Abee!"

Ilitoka mbali, nyuma ya ukuta. Abee ya mtoto wangu siku zote imetokea kifuani kwangu, au mgongoni, au kwenye mkeka hatua mbili kutoka nilipo. Sijawahi kuisikia ikija kwangu kutoka mbali. Mama Achieng' aliufunika mdomo kwa leso yake.

"Uko wapi?"

"Huku!"

"Unafanya nini?"

"Natazama."

Hakusema anatazama nini. Aliporudi, baada ya muda ulioonekana kwangu kama kutwa nzima, uso wake ulikuwa umelowa jasho na umetulia, kama uso wa mtu aliyetoka safari. Nikamuuliza tena kwenye tuktuk. Nikamuuliza nyumbani nikimvua viatu. Akasema, "Vitu." Mpaka sasa sijui mwanangu aliona nini nyuma ya ile kona, na nadhani sitajua.

Alilala saa tisa alasiri kwa uchovu. Jua lilipokuwa linazama baba yake akaingia, akaiona fremu nyekundu karibu na mlango. Akasimama. Kisha akatabasamu kwa namna ambayo sijaiona muda mrefu, akainama akaligusa gurudumu.

"Kumbe zimefika," akasema.

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa rahisi sana. Ningesema tu, ndiyo, zimefika. Angeamini. Angefurahi, tungekula, mambo yangeisha. Hata Bi Rukia asingejua kamwe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo.

"Zilikuwepo," nikasema.

"Wapi?"

"Bi Rukia aliniambia tangu mwaka jana. Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia wewe ndiye hutaki."

Hakuinuka mara moja. Alibaki amechuchumaa, mkono kwenye gurudumu, akilizungusha mbele, mbele, na kila alipojaribu kulirudisha nyuma likagoma.

"Na ile katoni?" akauliza.

Nikatazama juu ya kabati.

"Ningekuelewa," akasema. "Ungeniambia unaogopa, ningekuelewa. Hata mimi naogopa. Lakini nimekuwa nikiomba watu kiwandani, Mama Mbeyu. Nimekuwa nikiomba watu."

Hakuinua sauti. Alikula, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hulifanya akiwa na hasira tu, akaenda kukaa nje na redio ya simu. Nilimpelekea chai. Aliipokea. Hilo ndilo jambo la pekee ninaloweza kulisema.

Leo alfajiri kabla hajaenda kazini nilimkuta amepiga magoti na bisibisi, anakaza skrubu moja ya fremu iliyokuwa inacheza. Hakuniangalia. Alipofika mlangoni akasema, "Leo usimbebe." Sikujua kama ni amri au ni msamaha. Nadhani si msamaha. Bado hatujamaliza, na najua ni mimi nitakayelazimika kuanza.

Hayo ya jana. Ila kuna ya leo, na ndiyo yaliyonifanya nifungue simu badala ya duka.

Mbeyu aliamka, akanywa uji, akataka viatu vyake vya plastiki na fremu. Nikamsimamisha uani. Manyunyu yalikuwa yamelainisha mchanga na magurudumu yalikuwa yakizama kidogo, akawa anayatoa kwa kuyumba, kulia, kushoto. Alianguka mara moja. Nilipokwenda alininyooshea kiganja, kama askari anavyosimamisha gari, akajivuta kwa vyuma mpaka akasimama. Alikuwa na mchanga kidevuni. Hakuupangusa.

Milango miwili kutoka kwetu anakaa Mama Rehema, anayechoma mahamri asubuhi. Binti yake Rehema ndiye rafiki wa Mbeyu. Mimi ndiye humpeleka siku zote. Humbeba, husimama mlangoni, huita mimi, huingia mimi, humweka kwenye mkeka, nikamrudia baadaye kama mtu anayefuata chombo alichokiacha kwa jirani.

Leo alikwenda. Nilimfuata kwa macho tu, kutoka kwenye kizingiti hiki hiki. Ilimchukua muda mrefu. Mahamri yalikuwa yananukia uwanja mzima. Alifika kwenye pazia la Mama Rehema, akapumua, na mgongo wake mdogo ukanyooka ndani ya ile fremu.

"Hodi," akasema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka neno hilo. Hakuwahi kuwa na mlango wa kulisemea.

"Hodi," akarudia, kwa nguvu kidogo.

Ndani sufuria ikagonga. Mama Rehema akaitikia bila kutoka, jinsi unavyomwitikia mtu mzima aliyekuja na haja zake.

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi."

Pazia likamfunika, kisha magurudumu, kisha hakukuwa na kitu pale nje isipokuwa michirizi miwili kwenye mchanga, na katikati yake alama za viatu, moja imekanyaga vizuri, moja imeburutwa.

Ni nusu saa sasa. Nawasikia wanacheka. Mara mbili nimeinuka niende kumwangalia, na mara mbili nimerudi kukaa. Mikono yangu sijui niiweke wapi. Leo kazi yangu ni kutokwenda, na sikujua kuna kazi ngumu namna hii.

Atarudi akitaka.